Klachi Inayoteleza Baada ya Matengenezo: Tuanzie Nje ya Injini



Miongoni mwa malalamiko yanayofikishwa katika vituo vyetu vya upande huu wa mpaka, kuanzia Lwakhakha chini ya Mlima Elgon hadi Malaba na Busia, yamo ambayo chanzo chake si uhasama wala wizi, bali ni pikipiki iliyotoka kwa fundi ikiwa na kasoro ileile iliyoipeleka huko. Somo la toleo hili linahusu kasoro moja ya namna hiyo, nayo ni klachi inayoteleza baada ya kutengenezwa. Huenda msomaji akashangaa kuona polisi wakifundisha ufundi. Sababu yake ni kisa kifuatacho.

Siku moja ya soko, mwendeshaji wa boda boda alimleta fundi wake kituoni akiwa amemshika ukosi, na nyuma yao walifuata wenzake wa steji wapatao kumi. "Afande, huyu amenila pesa," alisema. "Nilimnunulia pleti mpya za klachi, akazibakiza, akanirudishia zilezile za zamani. Pikipiki haipandi mlima." Fundi alijibu kwamba pleti mpya alizifunga kwa mikono yake mwenyewe, na za zamani alikwisha kuzitupa. Ugumu ulikuwa hapo: hapakuwa na kitu cha kuonyesha, na waliofuata nyuma walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Wasomaji wetu wanajua neno "mwizi" likitamkwa mbele ya watu wenye hasira hufikisha mambo wapi. Tutakirudia kisa hiki baada ya kueleza jinsi klachi inavyofanya kazi, kwa maana jibu lake lilikuwa ndani ya maelezo hayo.

Klachi ni kiungo kati ya injini na gia. Ndani yake zimepangwa pleti za aina mbili, moja baada ya nyingine: zenye ngozi ya msuguano, ambazo huzungushwa na injini, na za chuma kitupu, ambazo huzungusha gia. Springi huzibana pamoja zikawa kama kitu kimoja. Mwendeshaji anapobana leva kwa mkono wa kushoto, waya huvuta kijimkono kilicho kwenye injini, nguvu ya springi huondolewa, pleti huachana, na injini hunguruma bila kuipeleka pikipiki. Kwa hiyo klachi inapoteleza, ama pleti hazibanwi vya kutosha, ama zinabanwa lakini hazishikani. Uchunguzi wote unatoka katika mambo hayo mawili.

Kwanza tuhakikishe kwamba kweli ni klachi. Ikiwa ndiyo, akseleta ikikazwa mngurumo wa injini hupanda lakini mwendo hauongezeki, hasa katika gia kubwa, au mlimani, au pikipiki ikiwa na mzigo. Na mara nyingine husikika harufu ya kuungua. Mnyororo unaoruka meno ya sproketi ni jambo lingine: huo hutoa mlio wa kugonga na kuishtua pikipiki. Gia inayochomoka nayo huirudisha pikipiki kwenye nyutro ghafla, hata mwendeshaji akalazimika kuiingiza upya. Jaribio lifanyike kwenye barabara tambarare isiyo na magari, bila abiria: pikipiki iwe katika gia ya juu na mwendo wa wastani, kisha akseleta ikazwe taratibu. Klachi ikiwa nzima, sauti na mwendo vitapanda pamoja. Jaribio hili lisifanywe kilimani. Pikipiki iliyobeba magunia mawili ya kahawa ikipoteza nguvu katikati ya mteremko wenye utelezi hurudi nyuma, na anayekuja nyuma yake huenda ni lori.

Baada ya hapo uchunguzi uanzie kwenye waya. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndipo makosa mengi ya baada ya matengenezo yalipo, na kulikagua hakugharimu hata shilingi moja. Wapo mafundi na waendeshaji wengi wanaoamini kwamba waya uliokazwa sana huifanya klachi kuwa na nguvu. Ukweli ni kinyume chake. Waya usio na ulegevu wowote ni sawa na mwendeshaji anayesafiri kutwa nzima akiwa amebana leva kidogo: springi hazipati kamwe nafasi ya kuzibana pleti kikamilifu. Leva ikivutwa kwa kidole kimoja, ncha yake inatakiwa isogee bure, bila kuvuta chochote, milimita 10 hadi 20 katika pikipiki nyingi za kawaida. Kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Ulegevu huo upimwe injini ikiwa baridi, upimwe tena ikiwa moto, na upimwe usukani ukiwa umekatwa kulia na kushoto. Ukipotea usukani unapokatwa, waya umepitishwa mahali pasipofaa au umebanwa. Kuna nati za kurekebishia sehemu mbili, karibu na leva na kule chini kwenye injini, na fundi mwenye haraka hugusa moja tu. Kadhalika waya ukivutwa na kuachwa, kijimkono cha kwenye injini kirudi mahali pake chenyewe; kisiporudi, waya una kutu au umekatika nyuzi kadhaa ndani ya ganda lake.

Ulegevu ukiwa sawa, tuulize oili. Kwa kuwa kufungua klachi humwaga oili, kila aliyetoka kwa fundi wa klachi ametoka na oili mpya, na ni wachache wanaoulizia ni ya aina gani. Klachi za pikipiki zetu nyingi huzunguka ndani ya oili ileile ya injini. Zipo oili za magari zilizotiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Kwa gari ni jambo jema, lakini kwenye klachi ya pikipiki dawa hiyo hufanya pleti zibanwe na zisishikane. Oili inayofaa huwa na maandishi JASO MA au JASO MA2 kwenye mkebe. JASO MB ni ya skuta na pikipiki ambazo klachi yake haiogi katika oili. Mikebe huuzwa pande zote mbili za mpaka, mingine imejazwa upya na kufungwa kwa ustadi, kwa hiyo mteja aone mkebe ukifunguliwa mbele yake.

Waya na oili vikiwa sawa, sasa injini ifunguliwe, na mwenye pikipiki awepo. Fundi aangalie kama pleti zimepangwa kwa utaratibu wake na hesabu yake kamili. Kama springi ni zile za zamani zilizofupika kwa kuchoka. Kama bolti za springi zimekazwa sawasawa. Na kama kile kisahani kikubwa cha kukandamiza kimekaa ndani ya meno yake. Hili la mwisho hudanganya hata mafundi wazuri, kwa maana bolti hukaza vizuri kabisa huku kisahani kikiwa kimeegemea juu ya meno, na pleti zote zikabaki zimelegea. Pleti za chuma zilizogeuka rangi ya samawati au zilizopinda kwa joto hazifai kurudishwa. Pleti mpya za msuguano nazo zinatakiwa kulowekwa katika oili safi kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu huungua mapema.

Turudi kituoni. Mkaguzi wa magari aliivuta leva ya pikipiki ile kwa kidole, na haikuwa na ulegevu hata kidogo. Alilegeza nati, pikipiki ikajaribiwa, ikavuta vizuri zaidi, lakini bado iliteleza gia ya nne. Siku ya pili injini ilifunguliwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, mlalamikaji na mlalamikiwa wakiwapo. Pleti za msuguano zilikuwa mpya. Alama za kiwanda zilisomeka. Ila zilikuwa nyeusi na zenye harufu, zimeungua. Fundi hakuwa mwizi, lakini alikuwa amekaza waya kupita kiasi. Mwendeshaji naye alikiri kwamba ilianza kuteleza siku ya kwanza, naye akaendelea kupandisha mizigo kwa siku nne kwa kuwa alikuwa na deni la kulipa.

Kisheria, kazi iliyofanywa vibaya bila hila ni suala la madai, na baraza la LC1 lina uwezo wa kulisikiliza. Kubakiza spea ya mteja kwa makusudi ni wizi, na huo ni wajibu wetu kuupeleleza. Ili tuweze kutofautisha hayo mawili, tunahitaji vitu vya kushika: risiti ya spea, hata kama imenunuliwa ng'ambo ya mpaka, na pleti za zamani zirudishwe kwa mwenyewe zikiwa kwenye mfuko. Picha ya simu iliyopigwa kabla ya kifuniko kufungwa nayo hutosha sana.

Pale barazani walikubaliana kwamba mwendeshaji anunue pleti nyingine na fundi azifunge bila malipo. Watu wa steji walikuwapo tena, safari hii wakiwa wamechuchumaa kuizunguka injini, na mmoja wao alikuwa amekwisha kwenda kwenye pikipiki yake kupima leva.