Kabla Hamjasaini, Ulizia Wino

Mdogo wangu, leo naizungumzia ile karatasi ya mauziano ya kiwanja uliyoificha kabatini chini ya vitenge. Jina la muuzaji ulilihakiki, mipaka ukaikagua, mashahidi ukawaleta. Wino je?

Printa ya leza hutumia tona, unga laini wenye plastiki, ambao joto la karibu nyuzi 200 huuyeyusha ukang'ang'ania karatasi. Huo maji hayauwezi. Wasiwasi wangu uko kwenye printa za wino wa maji zilizojaa steshenari zetu. Wino wake mwingine ni rangi iliyoyeyuka kama sukari kwenye chai: tone moja la mvua, maandishi yanatapakaa, na jua likiupiga unafifia. Mwingine una chembe za rangi zisizoyeyuka, nao huvumilia maji na mwanga vizuri zaidi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha aina hizo mbili. Zile printa za matangi ndizo zinanitia shaka hasa, maana hujazwa kwa chupa, na kijana wa dukani huenda hajui bosi wake alinunua chupa gani.

Kwa hiyo, ukienda kuchapisha mkataba, usibishane naye. Omba ukurasa mmoja wa ziada, uache ukauke nusu saa, kisha pitisha kidole kibichi. Ukurasa ukichafuka, usihangaike kutafuta duka lingine. Toa nakala kwenye mashine ya fotokopi, ambayo kwa kawaida ni ya tona, halafu msaini hizo nakala. Saini zenyewe ziwe za bolpeni ya kawaida, kwa kuwa wino wake ni wa mafuta. Kalamu za jeli zinavutia, lakini baadhi huchuruzika zikilowa.

Halafu tona nayo ina adui: vifuko vya plastiki laini. Kwenye joto la Dar es Salaam, herufi zinaweza kuhamia kwenye plastiki. Tanguliza bahasha ya karatasi, ndipo utie mfuko wa kuzuia maji. Laminesheni usiifikirie kabisa. Haibanduki bila kuharibu karatasi.

Na kama mkataba wako umeshalowa, usiufute wala usiuanike juani. Ulaze kivulini na uupige picha sasa hivi. Kisha mtafute muuzaji na mashahidi, mchapishe upya na kusaini tena wakati nyote bado mpo hai na mnaelewana.