Siku ya Ibada ya Wakristo: Jumamosi au Jumapili?

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

SWALI: Ndugu yetu mmoja wa Mombasa, aliye kazini katika nchi ya chai huko Kericho, atuuliza: Majirani zake Wakristo, wa Kericho na wa Bomet, hushindana juu ya siku ya ibada. Hawa husema ni Jumamosi, hawa Jumapili, kisha wote humtaka yeye ahukumu. Awajibu nini?

JIBU: Twasema, na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu: Swali hili si la mchezo. Huko bara lina riziki ya watu ndani yake. Mchumaji wa chai hulipwa kwa uzani wa alichochuma, na jani likishachumwa lataka kufika kiwandani siku ile ile. Mwenye kuiacha kazi Jumamosi kwa ajili ya dini yake huacha na ujira wa siku hiyo. Basi tusiwacheke.

Makanisa mengi ya nchi ile ni ya Jumapili: Wakatoliki, Africa Inland Church yenye hospitali Litein, na Africa Gospel Church yenye hospitali ya Tenwek huko Bomet. Wasabato, yaani Waadventista, walianza kazi yao Kenya mwaka 1906 huko Gendia, karibu na ziwa, kisha wakaenea Kisii, inayopakana na nchi ya chai. Na kwa kuwa wachumaji wengi hutoka Kisii na Nyanza, kambi moja hukusanya watu wa siku zote mbili.

Hoja za Wasabato ni hizi. Taurati, katika kitabu cha Kutoka mlango wa 20, yaamrisha kuitukuza siku ya saba, Nabii Isa (A.S.) mwenyewe alikuwa akiingia sinagogi siku ya Sabato, na katika Mathayo mlango wa 5 asema hakuja kuitangua Taurati. Tena husema kuwa Jumapili ililetwa na wafalme wa Roma.

Wa Jumapili nao hujibu kuwa Isa alifufuka siku ya kwanza ya juma, na kuwa wanafunzi walikutana siku hiyo kuumega mkate, kama ilivyo katika Matendo mlango wa 20. Na Paulo, katika barua yake kwa Wakolosai, akataza watu wasihukumiwe kwa ajili ya Sabato. Sisi hatuukubali msingi wa hoja ya kufufuka, lakini insafu yatutaka tuieleze kama wenyewe waielezavyo.

Hapa yafaa tuonye juu ya neno moja la lugha. Kiswahili chetu chahesabu juma kwa kuanzia baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ni ya pili. Mayahudi na Waarabu huhesabu vingine: Jumapili kwao ni al-Ahad, siku ya kwanza, na Jumamosi ni as-Sabt, siku ya saba. Ndiyo maana juma letu lina tano mbili: Jumatano kwa hesabu yetu, na Alhamisi kwa hesabu ya Waarabu. Basi msomaji wa Biblia ya Kiswahili akikuta “siku ya kwanza ya juma” asidhani ni Jumamosi. Jina la siku si dalili ya sharia.

Ama habari za tarehe ni hizi. Mfalme Konstantino alitoa amri mwaka 321 kuwa mahakimu na watu wa mijini wapumzike Jumapili, na wakulima akawaruhusu kulima, kwa kuwa kazi ya shamba haingoji. Lakini si yeye aliyeianzisha ibada ya siku hiyo. Justin, mwanachuoni wao wa karne ya pili, alikwisha kuandika kuwa Wakristo hukutana Jumapili. Na Wahabeshi, jirani zetu, huziheshimu siku zote mbili tangu zamani.

Ukizipima hoja hizi utaona haya: katika Injili walizo nazo hakuna neno la Isa la kuihamisha Sabato kuipeleka Jumapili. Wala katika Matendo mlango wa 15, walipoandikiwa wasiokuwa Mayahudi mambo yaliyowalazimu, Sabato haikutajwa. Kila kundi lina pengo katika hoja yake. Basi ndugu yetu asijifanye kadhi wa makanisa. Aseme kuwa Qur'ani, katika Sura ya An-Nahl aya ya 124, yatufunza kuwa Sabato iliwekwa juu ya wale waliokhitalifiana kwayo, na kuwa Mola ndiye atakayewahukumu Siku ya Kiyama. Na akijadiliana nao, iwe kwa njia iliyo njema, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya Al-Ankabut.

Na sisi je? Ijumaa si Sabato. Mwenyezi Mungu hakuchoka kwa kuumba hata tupumzike kwa kumfuata. Hayo yamo katika Sura ya Qaf. Katika Sura ya Al-Jumua twaamrishwa kuacha biashara tuitwapo kuswali, na sala ikiisha tutawanyike tukatafute fadhila zake. Muislamu aliye kazini hahitaji kutwa nzima, ahitaji saa moja. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yaitaja siku ya ibada kwa jina. Wasabato walikwenda mahakamani kwa ajili ya watoto wao waliolazimishwa masomo Jumamosi, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Walishika lao wakalidai kwa adabu. Sisi wangapi twaomba ruhusa ya saa ile moja?

Mtu wa bara huacha ujira wa siku nzima, na mwenye duka wa mjini kwetu husikia adhana ya Ijumaa akaendelea kupima sukari. Tena kila mwaka twagawanyika kwa mwezi wa Idi: nyumba moja yala, ya pili yafunga, na matusi yapita baina yao. Nyani haoni kundule. Mwenye kukhitalifiana na nduguye kwa siku moja hana uso wa kumcheka Mkristo.

Basi ndugu yetu wa Kericho na aombe ruhusa yake ya Ijumaa, ahudhurie sala, arudi kazini kwa wakati. Hilo litawafunza majirani zake zaidi ya mjadala.

Wallahu aalam.