Dondoo Muhimu: Umeme wa Kiyoyozi Katika Boti Ndogo

Mkazi wa Chumbi mwenye boti ya kupitia delta ya Rufiji, akitamani kufunga kiyoyozi chumbani ili alikimbie fukuto la mikoko, na apige kwanza hesabu ya umeme kabla hajatoa fedha yake dukani. Kiyoyozi kidogo hula takriban wati 500, nacho, kikilishwa na betri ya volti 12 kwa njia ya inveta, huvuta zaidi ya ampea 40 mfululizo. Na kwa kuwa betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, isije ikaharibika upesi, starehe hiyo haidumu ila saa moja hivi. Tena kompresa, inapoamka, hudai kwa nukta chache umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, basi inveta iwe na nguvu ya ziada. Paneli za jua ni njema, lakini paa la boti ndogo aghalabu halina wasaa wa kuzibeba za kutosha.

Jenereta ya petroli hutosheleza, ila tahadhari: moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyo rangi wala harufu, iuayo mtu usingizini. Isiwekwe chumbani kamwe, wala shetrini ikiwa upepo watoka nyuma. Mwenye mtambo upozwao kwa maji ya nje na asafishe chujio kila mara, maana Rufiji ina tope jingi.

Kwa rai yangu, feni ya wati 20, chandarua na turubai la kivuli vyatosha kabisa.