Karakana ya Reli Ikigeuka Mji: Mambo ya Kujua kwa Mkazi wa Dagoretti

Treni ya abiria kutoka Kikuyu hupita Stesheni ya Dagoretti, kisha Kibera, na kumaliza safari katika Stesheni Kuu ya Nairobi. Abiria anayechungulia dirishani anapokaribia mwisho huona njia nyingi za reli zilizolala sambamba, maghala ya mizigo na karakana za mabati. Hapo ndipo jiji lilipozaliwa. Reli kutoka Mombasa ilifika Mei 1899, na kambi ya wajenzi ikakua kuwa mji.

Leo sehemu kubwa ya uwanja huo haina shughuli kama zamani. Safari za abiria kwenda Mombasa zilihamia reli ya SGR na kituo cha Syokimau mwaka 2017. Ardhi iliyobaki iko katikati ya jiji, na serikali ya kitaifa imepanga kuigeuza kuwa mtaa mpya unaoitwa Nairobi Railway City.

Nini kimepangwa

Eneo la mradi ni ekari 425, kati ya Barabara ya Haile Selassie, Uhuru Highway, Barabara ya Bunyala na Barabara ya Landhies. Wazo hilo limo katika NIUPLAN, mpango kabambe wa jiji wa miaka ya 2014 hadi 2030. Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mradi akiwa na Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wa wakati huo, James Cleverly. Mpango unahusu stesheni mpya, ofisi, nyumba, maduka na bustani za umma.

Mkazi wa Dagoretti anahusika moja kwa moja. Anayeshuka treni kwenda kazini anaguswa na stesheni mpya. Mama mboga wa Kawangware anayenunua bidhaa Marikiti alfajiri anaguswa na kila barabara itakayofungwa au kufunguliwa karibu na soko hilo.

Mtaa endelevu ni upi

Mtaa wa matumizi mchanganyiko ni ule ambao makazi, kazi, biashara na mapumziko viko pamoja. Ili uitwe endelevu, unapimwa kwa mambo manne.

1. Usafiri. Nyumba na kazi zikiwa karibu na stesheni, watu hutembea au kupanda treni. Mtaa ukijaa maegesho ya magari, faida hiyo hupotea.

2. Majengo ya zamani. Kutengeneza saruji na chuma hutumia nishati nyingi na kuchafua hewa. Jengo imara likikarabatiwa badala ya kubomolewa, gharama hiyo kwa mazingira hupungua na historia hubaki. Cape Town, ghala la nafaka la mwaka 1924 lilifunguliwa mwaka 2017 kama jumba la sanaa. London, katika uwanja wa zamani wa reli wa King's Cross, ghala la nafaka la mwaka 1852 sasa ni chuo cha sanaa. King's Cross ina ekari 67, na takriban ekari 26 kati ya hizo zimeachwa wazi kwa umma. Uwanja wa Nairobi ni zaidi ya mara sita ya huo.

3. Udongo. Mahali palipotengenezwa injini kwa miaka mingi, dizeli na mafuta ya mashine huweza kuzama ardhini. Udongo hupimwa na kusafishwa kabla ya kujenga nyumba au kupanda miti ya matunda.

4. Maji ya mvua. Ardhi ikifunikwa lami na zege, maji hukosa pa kuingia. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwaonyesha wakazi wa Nairobi hatari hiyo. Bustani, mabwawa na mitaro ya kutosha ni sehemu ya ujenzi, si pambo.

Somo la Muthurwa

Kipimo cha tano ni watu. Jirani na karakana kuna mtaa wa Muthurwa, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na baadaye kumilikiwa na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi hao. Mfuko ulitaka kuuendeleza upya. Mwaka 2010 wapangaji walienda mahakamani baada ya nyumba kuanza kubomolewa na maji kukatwa.

Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao zilikiukwa, zikiwemo haki ya makazi na ya maji zilizo katika Kifungu cha 43 cha Katiba. Hakusema kwamba mwenye ardhi hawezi kamwe kuiendeleza. Alitaka pande zote zikae na kukubaliana juu ya utaratibu wa kuhama. Yaani ujenzi unaruhusiwa, lakini mtu haondolewi kama taka.

Kesi hiyo ilichukua miaka mitatu. Mazungumzo kabla ya kubomoa yangekuwa na gharama ndogo kwa kila upande.

Haki za mkazi

Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ilirekebishwa. Hata anayekalia ardhi bila idhini hupewa notisi ya angalau miezi 3 kabla ya kuondolewa, na anaweza kwenda mahakamani kuipinga. Mpangaji na mwenye kibanda cha kulipia wahifadhi mikataba na risiti zao, kwa sababu hizo ndizo ushahidi wao.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba nakala za mipango kutoka ofisi ya umma, nayo ofisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 21. Tathmini ya athari kwa mazingira nayo hutangazwa na NEMA. Maoni hupelekwa kwa maandishi kabla ya tarehe iliyo kwenye tangazo.

Maoni yenye uzito hutaja jambo mahususi. "Hatutaki mradi" ni rahisi kuwekwa kando. "Wachuuzi wa stesheni watapewa nafasi ngapi, wapi, na kwa kodi gani?" ni swali linalodai jibu.

Maswali ya kujadili barazani

1. Ni jengo gani la reli linalostahili kuhifadhiwa, na litumike kwa kazi gani?
2. Ni nani katika wadi yako hupata riziki yake karibu na stesheni?
3. Nyumba mpya zikijengwa, mfanyakazi wa mshahara mdogo ataweza kulipa kodi yake?
4. Stesheni ya Dagoretti yenyewe inahitaji nini ili mkazi afaidike na stesheni mpya ya jijini?