KUTAYARISHA TANGI LA MAJI YA BAHARI KWA AJILI YA FARASI-BAHARI

Farasi-bahari ni samaki, ingawa umbo lake humfanya asiyemjua asite kumwita hivyo. Anavuta pumzi kwa matamvua kama samaki wengine, na ana kibofu cha hewa kinachomwezesha kuelea. Hata hivyo, kichwa chake kimeinama mfano wa kichwa cha farasi, mwili wake umevikwa pingili za mifupa badala ya magamba, na mkia wake haumsukumi majini bali hujizungusha kwenye majani na kushika, kama mkono unavyoshika kamba. Spishi zote za samaki huyu zimo katika jenasi moja, Hippocampus. Katika pwani ya Afrika Mashariki hupatikana, miongoni mwa nyingine, Hippocampus kuda, Hippocampus histrix mwenye miiba, na Hippocampus camelopardalis, ambaye jina lake la pili maana yake ni twiga.

Walimu wengi wa biolojia wangependa kuwa na samaki huyu katika maabara ya shule. Tamaa hiyo ni njema, kwa kuwa hakuna mfano bora zaidi wa kufundishia jinsi umbo la kiumbe linavyolingana na makao yake. Lakini mara nyingi mpango huo huishia katika msiba mdogo: tangi hujazwa maji Jumatatu, samaki huingizwa Jumanne, na kabla ya wiki mbili kwisha samaki amekufa katika maji yanayong'aa kama kioo. Katika makala haya tutaeleza sababu ya kifo hicho, na jinsi ya kulitayarisha tangi ili kisitokee. Wanafunzi wataona kwamba kazi hii ni somo la kemia kabla haijawa somo la elimu ya wanyama.

1. Kwa nini maji maangavu huua

Kila mnyama alaye protini hana budi kutoa taka zenye naitrojeni. Binadamu huzitoa kwa njia ya mkojo. Samaki wengi huzitoa hasa kupitia matamvua, zikiwa katika hali ya amonia (NH3). Chakula kilichobaki na kinyesi kinachooza huongeza amonia hiyo. Baharini jambo hili halina madhara, maana maji ni mengi mno, na mwani na vijidudu huitumia amonia mara itolewapo. Katika tangi maji ni machache na taka haina pa kwenda.

Amonia iliyomo majini huwa katika hali mbili: amonia huria (NH3), ambayo ni sumu kali kwa samaki, na ioni ya amoniamu (NH4+), ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Uwiano wa hali hizi mbili hutegemea pH. Katika maji yenye pH 7, amonia huria haifikii hata sehemu 1 katika 100. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.3, na katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi sehemu ya amonia huria hufikia takriban 5 hadi 8 katika 100. Kwa hiyo kiasi kile kile cha taka ambacho samaki wa mtoni angekivumilia chaweza kumwua samaki wa baharini. Nacho hakina rangi, wala hakitii maji ukungu. Jicho halitoshi kuwa kipimo.

2. Viumbe wafanyao kazi ya kusafisha

Mwaka 1877 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu katika mchanga na kuonyesha kwamba amonia iligeuka kuwa nitrati kwa kazi ya viumbe hai. Mnamo mwaka 1890 Winogradsky alifaulu kuwatenga vijidudu wenyewe. Kazi yao hufanyika kwa hatua mbili:

Hatua ya kwanza: 2NH4+ + 3O2 → 2NO2- + 2H2O + 4H+

Hatua ya pili: 2NO2- + O2 → 2NO3-

Katika hatua ya kwanza amonia hugeuzwa kuwa nitriti, na katika ya pili nitriti hugeuzwa kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu, ijapokuwa katika maji ya bahari kloridi iliyo nyingi hupunguza ukali wake. Nitrati haina sumu kali, na yaweza kuondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba hatua ya kwanza ni kazi ya bakteria wa Nitrosomonas, na ya pili ni ya Nitrobacter. Elimu hiyo imepanuka. Katika matangi, hatua ya pili mara nyingi hufanywa na bakteria wa Nitrospira. Aidha, mwaka 2005 watafiti walitangaza kuwa wamemtenga kiumbe aitwaye Nitrosopumilus maritimus, asiye bakteria bali arkea, ambaye hugeuza amonia kuwa nitriti. Walimpata katika tangi la maji ya bahari huko Seattle, Marekani, na baadaye ikafahamika kwamba jamaa zake wamejaa katika bahari zote za dunia. Mwanafunzi asidharau tangi lake.

Jambo kuu la kukumbuka ni kwamba vijidudu hawa huzaana polepole. Bakteria wa kawaida wa tumboni, katika hali nzuri, huongezeka maradufu kwa muda wa dakika 20. Wageuzao amonia huhitaji saa nane au zaidi, na mara nyingi siku nzima au zaidi. Hapo ndipo ilipo sababu ya kusubiri.

3. Tangi na maji yake

Farasi-bahari huogelea kwa kupanda na kushuka, na dume na jike huinuka pamoja majini wanapopandana. Kwa hiyo tangi liwe refu kwenda juu, kimo chake kisipungue mara tatu ya urefu wa samaki mzima. Tangi lenye kitako cha sentimita 45 kwa 45, likijazwa maji hadi kimo cha sentimita 55, huchukua lita 111. Ukiondoa nafasi ya mchanga na mawe, hubaki takriban lita 100. Viungo vyake vyote viwe vya kioo, plastiki na gundi ya silikoni. Shaba na zinki zisiguse maji, kwa kuwa huwadhuru viumbe wa baharini.

Shule zilizo pwani zichote maji wakati yanapojaa, hasa siku za bamvua, mbali na midomo ya mito na mifereji ya miji, wala si mara baada ya mvua kubwa za masika. Maji yachujwe kwa kitambaa safi. Uzito mahsusi wake, ukipimwa kwa haidromita, uwe kati ya 1.023 na 1.025.

Shule za bara hukutana na tatizo jingine. Wapo wanaodhani kwamba chumvi ya jikoni ikikorogwa katika maji huwa bahari. Sivyo. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na katika hizo mna gramu 19.4 za kloridi, 10.8 za sodiamu, 2.7 za salfeti, 1.3 za magnesiamu, na karibu 0.4 ya kalsiamu na 0.4 ya potasiamu. Maji yanapokaushwa katika mashamba ya chumvi, chumvi nyingi za kalsiamu hutangulia kuganda na kutengwa, na magnesiamu hubaki katika maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Chumvi ya sokoni, basi, ni karibu sodiamu kloridi tupu. Shule ya bara itumie mchanganyiko uliotengenezwa kwa ajili ya matangi, au isafirishe maji yenyewe kutoka pwani.

Maji ya tangi hupungua kwa mvuke, lakini chumvi haiondoki. Kilichopungua kijazwe kwa maji baridi yaliyochemshwa yakapoa, ili klorini itoke. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati yasitumike, kwani huchukua zinki.

4. Jaribio: wiki sita bila samaki

Madhumuni ya jaribio hili ni kuwalisha vijidudu kabla samaki hajafika. Weka mchanga wa matumbawe na chujio linalopitisha maji polepole. Ongeza konzi moja ya mchanga kutoka katika tangi lililokwisha komaa, au mchanga mbichi wa pwani, uwe kama mbegu. Washa pampu ya hewa. Tangi lisipigwe na jua la dirishani.

Kisha tia amoniamu kloridi (NH4Cl), ambayo hupatikana katika maabara nyingi za shule. Tunataka miligramu 2 za amonia kwa kila lita. Kwa lita 100 twahitaji miligramu 200 za NH3. Uzito wa molekuli ya NH3 ni 17, na wa NH4Cl ni 53.5. Kwa hiyo:

200 × 53.5 ÷ 17 = miligramu 629, yaani takriban gramu 0.63.

Kila baada ya siku mbili wanafunzi wapime amonia, nitriti, nitrati na pH kwa vipimo vya rangi, na kuandika matokeo katika daftari. Wachore grafu moja yenye mistari mitatu. Kwa kawaida mstari wa amonia hukaa juu siku kadhaa, kisha huanza kushuka. Unaposhuka, mstari wa nitriti hupanda. Baadaye nitriti nayo hufikia kilele na kushuka, na nitrati huzidi kupanda. Kazi yote huchukua wiki nne hadi sita, na pengine nane. Amonia ikiisha kabla nitriti haijatoweka, tia tena kiasi kidogo ili vijidudu wa hatua ya kwanza wasife njaa.

Tangi huhesabiwa kuwa limekomaa linapofaulu mtihani ufuatao: tia tena miligramu 2 za amonia kwa lita, na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zisionekane katika kipimo. Ndipo nusu ya maji ibadilishwe ili kupunguza nitrati. Ikiwa mtihani umeshindwa, subira iendelee. Kalenda haina mamlaka hapa.

5. Hesabu ya oksijeni

Tazama tena milinganyo yetu miwili. Ukiijumlisha, utaona kwamba molekuli moja ya amonia huhitaji molekuli mbili za oksijeni ili iwe nitrati. Yaani gramu 17 za amonia huhitaji gramu 64 za oksijeni. Miligramu 200 tulizotia zitahitaji takriban miligramu 750 za oksijeni.

Je, tangi letu lina oksijeni kiasi gani? Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 6.8 tu kwa lita. Lita 100 zina miligramu 680. Ni dhahiri kwamba kazi ya vijidudu inahitaji oksijeni zaidi ya yote iliyomo katika tangi. Tofauti hiyo lazima iletwe na pampu kutoka hewani. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kusafisha husimama wakati ule ule samaki naye anapokosa pumzi. Shule isiyo na pampu ya akiba ya betri isiweke samaki.

Yafaa pia kuangalia ioni za haidrojeni (H+) zinazotokea katika hatua ya kwanza. Hizo hushusha pH polepole. Kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara hurudisha hali yake.

6. Farasi-bahari na mahitaji yake

Kwa nini samaki huyu ahitaji tangi lililokomaa kuliko samaki wengi? Jibu limo tumboni mwake, au tuseme katika kukosa tumbo. Farasi-bahari hana meno wala mfuko wa tumbo. Humvuta uduvi kwa mdomo wake wa mrija na kummeza mzima, na chakula hupita upesi katika utumbo. Ni lazima ale mara mbili hadi tatu kila siku. Chakula kingi humaanisha taka nyingi, na taka nyingi humaanisha amonia nyingi.

Mahitaji yake mengine ni haya. Mkondo wa maji uwe wa taratibu, kwa kuwa yeye ni mwogeleaji dhaifu. Awe na vitu vya kushika kwa mkia. Asiwekwe pamoja na samaki wepesi watakaomnyang'anya chakula, wala kaa, wala viumbe wachomao. Joto lisizidi nyuzi 26, maana katika joto kubwa bakteria waletao magonjwa husitawi.

7. Je, yafaa kumchukua?

Swali hili lisiachwe nyuma. Farasi-bahari huvuliwa kwa wingi duniani, wakakaushwa kwa ajili ya dawa za jadi za Asia, na wavuvi wa Afrika Mashariki nao wamewahi kuhusika katika biashara hiyo. Mwaka 2002 jenasi nzima iliwekwa katika Kiambatisho cha II cha Mkataba wa CITES, na udhibiti wa biashara yake ya kimataifa ukaanza Mei 2004. Dume ndiye abebaye mimba katika kifuko chake, kwa hiyo kumtoa dume mmoja baharini huweza kuwa ni kutoa kizazi kizima pamoja naye. Mwalimu asimchukue samaki huyu bila kibali cha maofisa wa uvuvi, wala asivunje matumbawe ili kupamba tangi.

Lakini shule isiyopata kibali haijapoteza somo. Jaribio la wiki sita halihitaji samaki hata mmoja. Tangi lililokomaa laweza kuwekwa konokono wachache wa baharini na uduvi, na wanafunzi wakaendelea kupima na kuchora. Na shule ipatayo kibali itakuwa imejua, kwa vipimo vyake yenyewe, siku ambayo maji yako tayari kumpokea mgeni.

Maswali ya kujaribu

1. Tangi lina lita 80 za maji. Ni gramu ngapi za amoniamu kloridi zitaleta miligramu 2 za amonia kwa lita? (Jibu: takriban 0.50.)
2. Amonia hiyo yote ikigeuka nitrati, itatumia oksijeni kiasi gani? Linganisha na oksijeni iliyomo katika tangi.
3. Kwa nini mstari wa nitriti hauanzi kupanda siku ya kwanza?
4. Eleza kwa nini kiasi kile kile cha amonia huleta madhara zaidi katika maji ya bahari kuliko katika maji yenye pH 7.
5. Mwanafunzi ameosha mchanga wote wa tangi lililokomaa kwa maji ya bomba yenye klorini. Bashiri matokeo ya vipimo vya wiki itakayofuata, na utoe sababu.