SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: MBWA WANGU NA KONDOO WA JIRANI



Katika vijiji vyetu vya Magu, Kwimba, Misungwi na Sengerema, mavuno yakiisha mifugo ya kaya nyingi hulisha pamoja mashambani na kunywa katika lambo moja. Mbwa nao hufuatana na wachungaji. Huo ndio wakati wa mashauri: huyu hudai kondoo wake ameumwa, yule hujibu kwamba mbwa wake alikuwa amefungwa. Fidia hulipwa, majirani hununiana, na hatari kubwa zaidi hubaki palepale. Somo hili laeleza hatari mbili, na kazi inayoweza kufanywa na chama.

1. Kondoo anayezunguka

Wafugaji wengi wamepata kumwona kondoo aliyejitenga na kundi, kichwa kimeinama upande, akizunguka mahali pamoja mpaka akaanguka. Wapo wasemao amerogwa, au amelishwa sumu na jirani. Sivyo. Huo ni ugonjwa wa kizunguzungu, nao huwapata mbuzi pia.

Chanzo chake ni tegu aishiye katika utumbo wa mbwa. Mayai ya tegu hutoka pamoja na kinyesi cha mbwa na kushika majani. Kondoo akiyala, kiluwiluwi husafiri katika damu hadi kwenye ubongo, na huko hufanya kifuko cha maji kinachokua kwa miezi kadhaa na kuubana ubongo. Dalili zikionekana, mara nyingi kondoo huyo haponi.

Mbwa naye humpata wapi tegu? Humpata kwa kula kichwa kibichi cha kondoo au mbuzi mgonjwa. Mwenye kondoo huchinja, hugawa nyama, na kichwa hutupwa nyuma ya nyumba. Mbwa wa jirani hukiokota. Baada ya majuma machache mayai yamerudi malishoni. Basi mlalamikaji mwenyewe huenda ndiye aliyemlisha mbwa ugonjwa. Mwenye kondoo anashika ncha moja ya mnyororo huu, mwenye mbwa anashika ya pili; hakuna awezaye kuukata peke yake.

2. Kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu huenezwa na mate ya mnyama mgonjwa. Katika kila vifo 100 vya watu vitokanavyo na kichaa, karibu 99 husababishwa na mbwa. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Kwa hiyo aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ileile apate chanjo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje. Mfugo ulioumwa na mbwa mwenye kichaa usichinjwe kwa chakula.

Ili ugonjwa ukome, yapasa mbwa wapatao 70 katika kila 100 wachanjwe, na watoto wa mbwa wakiwamo. Kuua mbwa ovyo hakusaidii, kwani wengine wasiochanjwa huja kushika nafasi zao. Tujifunze kwa ndugu zetu wa kisiwa cha Pemba. Huko chanjo ya mbwa iliukomesha ugonjwa mwaka 2014. Ulirejea mwaka 2016, na chanjo iliporudiwa ukakomeshwa tena mwaka 2018. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa tena, sembuse vijiji vyetu ambavyo mbwa huvuka mipaka yake kila usiku?

3. Kazi ya chama

(a) Katibu afungue daftari la mbwa: jina la kaya, idadi ya mbwa, tarehe ya chanjo na tarehe ya dawa ya minyoo.

(b) Bodi ipatane na ofisa mifugo siku moja ya kuwachanja mbwa wote na kuwapa dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli. Dawa hiyo irudiwe kila miezi 3. Mbwa akishapewa dawa afungwe siku mbili, na kinyesi chake kifukiwe.

(c) Mkutano mkuu upitishe azimio kwamba kichwa cha kondoo au mbuzi aliyezunguka kichomwe, au kifukiwe kwenye shimo refu mbwa asiweze kukifukua. Kichwa kingine chochote kisipewe mbwa kabla ya kuchemshwa sana.

(d) Mbwa akishukiwa kuwa na kichaa, taarifa ifike kwa ofisa mifugo siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa ni mjumbe wa Bodi.

4. Maswali ya mazungumzo

- Katika kijiji chetu, vichwa vya mifugo iliyochinjwa huenda wapi?
- Ni mbwa wangapi waliochanjwa mwaka huu, na tunajuaje?
- Kondoo wa mwanachama akizunguka, je, tutamtafuta mchawi, au tutafungua daftari?

Katibu asome somo hili mbele ya wanachama, na majibu yao yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.