Juu ya Vinywaji Vitamu na Unene wa Mwili

Somo kwa sharika za Musoma, Bunda na Butiama. Lisomwe pamoja na Mithali 25:16 na 1 Wakorintho 6:19-20.

Ndugu wapendwa, katika nchi yetu ya Mara mgeni hapiti mlangoni bila kupewa kitu. Zamani alipewa uji wa ulezi au maziwa ya mgando. Siku hizi mtoto hutumwa mbio dukani kuleta soda, na mwenye nyumba asiye na chupa ya kumpa mgeni huona haya. Sisi wachungaji twalijua jambo hili kuliko wengi, maana tukizuru nyumba nne kwa siku moja twapewa chupa nne, nasi twazinywa zote tusije tukawahuzunisha wenyeji. Basi somo hili twaliandika tukijihukumu sisi wenyewe kwanza.

Yatupasa kujua kilichomo ndani ya chupa. Soda nyingi zina sukari gramu 10 hivi katika kila mililita 100. Basi chupa ya mililita 350 ina gramu 35, yaani vijiko vya chai karibu 9. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya namna hii isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote za chakula cha siku. Tena ni afadhali isizidi nusu ya hiyo, nayo kwa mtu mzima ni vijiko kama 6. Chupa moja imekwisha kuupita mpaka huo, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi. Ni nani kwetu angemtilia mtoto wake vijiko 9 katika kikombe kimoja?

Tena tujue inavyofanya kazi mwilini. Mtu akila ugali wa mtama na dagaa, hushiba, naye huacha. Lakini sukari iliyomo katika kinywaji hupita upesi wala haishibishi. Mtu hunywa, kisha hula kama asiyekunywa kitu. Sukari inayozidi mahitaji ya mwili hugeuzwa kuwa mafuta, nayo huwekwa akiba. Miaka ikipita, mwili uliolemewa hivyo hauitii vema insulini, itokayo katika kongosho ili kuiingiza sukari ya damu katika viungo. Ndipo kisukari huja. Shinikizo la damu nalo huongezeka, na meno ya watoto huoza.

Neno hili si dogo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi. Na katika utafiti huohuo, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, 34 walikuwa wamedumaa. Basi tazameni: uzito wazidi na lishe yapungua, pengine katika nyumba moja. Fedha ya soda ingaliweza kununua dagaa au yai, vyakula vinavyojenga mwili wa mtoto.

Wako wasemao kwamba unene ni baraka. Twaelewa neno hilo lilikotoka: watu walioikumbuka njaa, na baadaye waliouona UKIMWI ukiwakondesha ndugu zao, hufurahi waonapo mwili umenawiri. Lakini baraka ni afya, wala si uzito. Hata hivyo mtu mnene asichekwe usharikani, maana wengine hunenepa kwa urithi, wengine kwa maradhi au dawa. Na dhihaka haijamponya mtu.

Dr. Martin Luther, alipoieleza Amri ya Tano katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakukomea katika kukataza kuua. Alifundisha pia tumsaidie jirani katika kila haja ya mwili wake. Na jirani wa kwanza ni mtoto wetu. Kumnyamazisha kila siku kwa kitu kinachomdhuru si kumpenda.

Tutaanzaje? Mwaka 1973, wakati wa Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, watu wazima wapata milioni mbili walikutana katika vikundi vya Mtu ni Afya, wakisikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Vikundi vyetu vya akina mama na vya vijana vyaweza kufanya vivyo hivyo. Maji ya ziwa na ya kisima yachemshwe, yawekwe mezani katika chombo safi. Sukari ya chai ipunguzwe kijiko kwa kijiko. Soda ya sikukuu si dhambi, lakini isiwe kinywaji cha kila siku. Na mtu mzima aende zahanati kupimwa damu yake.

Maswali ya kujiuliza nyumbani: Je, wiki hii watoto wetu wamekunywa chupa ngapi? Je, twampa mgeni soda kwa upendo, au kwa kuogopa maneno ya watu?

Bwana wetu aliahidi kwamba hata kikombe cha maji baridi hakitakosa thawabu. Basi mkituona mlangoni, mtupe maji, nasi hatutahesabu kwamba tumedharauliwa.